Nyota changa hukua kwa pupa: Miale ya joto yafichua siri iliyofunikwa na vumbi

IFIKAPO saa nne usiku mwishoni mwa Januari, mtu aliye popote nchini Kenya akiinua macho kuelekea utosi wa mbingu ataona nyota tatu zilizojipanga kwa mstari. Huo ndio ukanda wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu hulijua kwa jina la Orion.

Kusini kidogo mwa ukanda huo kuna nyota nyingine hafifu zinazoning'inia mithili ya upanga kiunoni. Iliyo katikati ya upanga huonekana kana kwamba imefunikwa na ukungu, na kwa hakika si nyota moja. Ni wingu kubwa la gesi na vumbi, lililo umbali wa takriban miaka 1,350 ya nuru kutoka hapa, ambamo nyota zingali zinazaliwa.

Nyota hizo changa hazitulii. Mwangaza wake hupanda na kushuka, nyingine kwa muda wa siku chache, nyingine kwa miezi. Chache huwaka ghafla na kuendelea kung'aa kwa miongo mingi. Wataalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota, wametambua kuwa mabadiliko hayo hueleza jinsi nyota inavyolishwa hadi ikakomaa.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Jua letu lilizaliwa takriban miaka bilioni 4.6 iliyopita, na mavumbi yaliyolizunguka ndiyo yaliyoumba Dunia tunayoikanyaga. Hakuna aliyekuwepo kushuhudia. Anayetaka kujua utoto wa Jua hana budi kuzitazama nyota zilizo katika umri huo leo, kama vile mzee asiye na picha ya utotoni atazamavyo wajukuu wake.

MWANGA USIOONEKANA

Tatizo ni kwamba nyota huzaliwa mafichoni. Vumbi la wingu linalozizaa huzuia mwanga wa kawaida, hivi kwamba darubini nzuri kabisa inaweza kuelekezwa huko isione ila giza tupu. Ufumbuzi ulitokana na ugunduzi uliofanywa zaidi ya karne mbili zilizopita.

Mnamo 1800, William Herschel, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Kisha akaweka kipimajoto katika rangi mbalimbali. Alistaajabu kuona kwamba kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, kilipanda kuliko vingine. Alikuwa amegundua miale ambayo leo huitwa infraredi.

Tofauti ya miale hii na mwanga wa kawaida ni urefu wa mawimbi yake. Mawimbi hupimwa kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita. Jicho la binadamu huona mawimbi ya mikroni 0.4 hadi 0.7 hivi. Yaliyo marefu kuliko hayo ndiyo infraredi.

Miale hii ina faida mbili kwa anayechunguza nyota changa. Ya kwanza ni kwamba hupenya vumbi. Katika mawimbi ya mikroni 2.2, vumbi la angani hupunguza mwanga kwa takriban sehemu moja tu ya kumi ya kile linachopunguza katika mwanga wa kawaida.

Faida ya pili ni kwamba vitu vyenye joto la wastani hutoa miale hii vyenyewe. Mtu akiingia gizani katika jikoni yenye makaa yaliyofunikwa kwa majivu, mkono wake utahisi joto kabla jicho halijaona chochote. Vivyo hivyo, vumbi lililo karibu na nyota changa hupata joto na kung'aa katika infraredi, hata kama halionekani kwa njia nyingine.

NYOTA HUZALIWAJE?

Sehemu ya wingu inapozidiwa na uzito wake yenyewe, hujikunja na kuporomoka kuelekea katikati. Kwa kuwa wingu huwa linazunguka, si gesi yote inayoanguka moja kwa moja. Nyingi hujitandaza na kuizunguka nyota inayozaliwa, ikafanya umbo bapa kama sahani. Wataalamu huliita umbo hilo diski.

Diski ndiyo ghala ya chakula cha nyota. Gesi husogea polepole kutoka nje kuelekea ndani, na hatimaye huiangukia nyota na kuiongezea uzito. Mabaki ndiyo hufinyangwa kuwa sayari. Baada ya miaka milioni kadhaa, diski huwa imetoweka.

Nyota ya kwanza ya aina hii kutambuliwa iko katika kundi la Thauri, yaani Fahali. Hilo ndilo kundi lenye Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitazama tangu kale ili kujua majira ya kulima. Mnamo 1852, Mwingereza John Russell Hind aliona huko nyota ambayo mwangaza wake haukuwa thabiti. Ikaitwa T Tauri.

Mwaka wa 1945, Alfred Joy wa Marekani alieleza kwamba T Tauri haikuwa peke yake, bali ni mojawapo ya jamii nzima ya nyota zenye tabia moja. Zote hubadilika mwangaza bila mpangilio, na zote hupatikana kando ya mawingu meusi ya vumbi. Baadaye ilibainika kwamba hizo ni nyota changa.

SABABU NNE

Kwa nini mwangaza hubadilika? Wataalamu hutaja sababu nne kuu.

Ya kwanza ni madoa baridi. Jua letu lina madoa meusi yanayotokana na nguvu za sumaku, lakini ya nyota changa ni makubwa zaidi. Nyota inapojizungusha, doa huja mbele na kwenda nyuma, na mwangaza hushuka na kupanda kwa utaratibu. Jua hujizungusha mara moja kwa takriban siku 25, ilhali nyota nyingi changa humaliza mzunguko kwa siku chache tu.

Ya pili ni madoa ya moto. Gesi kutoka kwa diski hufuata njia za nguvu za sumaku na kuigonga nyota kwa kasi kubwa. Mahali inapogongwa huwaka kuliko sehemu nyingine, na kwa vile gesi haiji kwa kipimo kimoja, doa hilo huwaka na kufifia ovyo.

Ya tatu ni vumbi linalopita mbele ya nyota. Mfano maarufu ni AA Tauri, iliyo pia katika kundi la Thauri. Kwa miaka mingi nyota hiyo ilififia kila baada ya siku 8.2 hivi, kwa sababu ukingo wa ndani wa diski yake umejikunja na kuikinga kila unapozunguka. Mnamo 2011 ilififia zaidi na kubaki hivyo kwa miaka, ishara kwamba vumbi jingi zaidi lilikuwa limeingia mbele yake.

Sababu ya nne imo ndani ya diski yenyewe. Kiasi cha gesi kinachosogea kikiongezeka au kikipungua, joto la diski nalo hubadilika. Mabadiliko haya huonekana hasa katika infraredi, maana huko ndiko diski hung'aa.

Kutofautisha sababu hizi ni kazi inayofanana na ya mpelelezi. Nyota ikififia sana katika mwanga wa kawaida lakini kidogo tu katika infraredi, mshukiwa ni vumbi. Ikiwa nyota yenyewe haijabadilika lakini infraredi imepanda, basi jambo limetokea katika diski. Hii ndiyo sababu wataalamu hupima mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja.

HESABU YA ORION

Mnamo Machi na Aprili 2000, darubini iliyo nchini Chile, mojawapo ya mbili za mradi wa 2MASS, ilipiga picha eneo la wingu la Orion usiku baada ya usiku katika mawimbi matatu ya infraredi. John Carpenter, Lynne Hillenbrand na Michael Skrutskie walipochapisha matokeo mwaka uliofuata, walikuwa wamehesabu nyota 1,235 zilizobadilika mwangaza. Takriban asilimia 93 kati yake zilikuwa za wingu lenyewe.

Kwa wastani, tofauti kati ya kilele na bonde la mwangaza ilikuwa karibu asilimia 20. Lakini zilikuwepo zilizobadilika hadi mara sita. Nyingine zilifuata mzunguko wa hadi siku 15, nyingine zikapandisha na kushusha bila utaratibu, na nyingine zikafifia polepole kwa mwezi mzima au zaidi.

Watafiti hao walikadiria kwamba madoa baridi pekee yangeweza kueleza zaidi ya nusu ya nyota hizo. Nyingine, zisizopungua asilimia 23, zilihitaji madoa ya moto au vumbi. Katika takriban asilimia moja tu, maelezo yaliyofaa zaidi yalikuwa mabadiliko katika diski.

Lakini diski huonekana vizuri zaidi katika mawimbi marefu, ambayo hewa ya Dunia na mvuke wake huyazuia kwa kiasi kikubwa. Ilibidi kazi hiyo ifanyiwe angani. Darubini ya Spitzer ya shirika la NASA, yenye kioo cha upana wa sentimita 85, ilikuwa imerushwa Agosti 2003. Mwishoni mwa 2009 ilielekezwa Orion kwa siku 40 mfululizo na kupiga picha mara 81 katika mawimbi ya mikroni 3.6 na 4.5.

Mradi huo, uliopewa jina YSOVAR, ulipima mwenendo wa nyota zipatazo 2,000. Ulionyesha kuwa kubadilika si kioja cha nyota chache, bali ndiyo hali ya kawaida kwa zile zenye diski. Aidha, zilipatikana nyingi zilizofifia kwa muda mfupi kama AA Tauri, ishara kwamba ukingo wa ndani wa diski huwa na mafungu na mikunjo ya vumbi.

NYOTA ZENYE PUPA

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa muda mrefu, hivyo ndivyo wataalamu walivyofikiri kuhusu ukuaji wa nyota: kwamba gesi huingia kidogo kidogo, kwa kipimo kile kile, hadi nyota ikatosha. Nyota moja ya Orion ilitia shaka fikira hiyo.

Kati ya 1936 na 1937, nyota hafifu ambayo leo huitwa FU Orionis iliongeza mwangaza wake zaidi ya mara 100. Baadhi walidhani ingezimika upesi, kama zifanyavyo nyota nyingine zinazowaka ghafla. Haikuzimika. Imekuwa ikififia kwa mwendo wa kobe, na hadi leo haijarudia hali yake ya zamani.

Mwanafalaki George Herbig wa Marekani alitambua baadaye kwamba kulikuwa na nyota nyingine za namna hiyo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba gesi iliyorundikana katika diski huporomoka kwa wingi kuelekea nyota. Wakati wa kawaida, nyota ya aina ya T Tauri hupata gesi kidogo mno. FU Orionis ilifikia kiwango cha takriban mara 10,000 ya hicho. Kwa kasi hiyo, humeza uzito unaokaribia ule wa sayari ya Mshtarii kila baada ya miaka 10 hivi.

Zipo pia zenye pupa ya muda mfupi. EX Lupi, iliyo katika kundi la Mbwamwitu, huwaka kwa miezi kadhaa kisha hutulia kwa miaka. Nyingine, V1647 Orionis, iligunduliwa kwa njia iliyowafurahisha wengi. Januari 2004, Jay McNeil wa jimbo la Kentucky, Marekani, ambaye hakuwa mwanafalaki wa kuajiriwa, alielekeza darubini yake ya upana wa sentimita 7.6 karibu na wingu la Messier 78. Aliona ukungu mpya ambao ramani hazikuuonyesha. Ulikuwa mwanga wa nyota changa iliyowaka ndani ya vumbi. Picha za kale zilipotafutwa, ilionekana kwamba ukungu huo huo ulikuwa umejitokeza pia mwaka wa 1966.

Isitoshe, infraredi imefichua kwamba pupa huanza mapema. Nyota iitwayo HOPS 383, iliyo Orion, bado imezingirwa kabisa na wingu lililoizaa na haionekani katika mwanga wa kawaida. Kati ya 2004 na 2008, mwangaza wake katika mikroni 24 uliongezeka mara 35. Hiyo ilikuwa nyota ya kwanza kushuhudiwa ikifanya hivyo katika hatua ya mwanzo kabisa ya maisha yake.

Nchini Chile, darubini ya VISTA yenye kioo cha mita 4.1 ilianza mwaka wa 2010 kuchunguza ukanda wa Njia Nyeupe tunaouona kama utepe mweupe mbinguni, yaani bapa la galaksi yetu. Uchanganuzi uliochapishwa 2017 ulitaja nyota 816 zilizobadilika kwa kiasi kikubwa, na takriban nusu yake ni changa. Nyingi kati ya hizo hazikufanana na FU Orionis wala EX Lupi, bali ziliwaka kwa miaka kadhaa, katikati ya aina hizo mbili.

FUMBO LA NYOTA HAFIFU

Ugunduzi huu ulisaidia kufumbua fumbo lililotokana na setilaiti ya IRAS, iliyopima anga katika infraredi mwaka wa 1983. Mnamo 1990, Scott Kenyon na wenzake walionyesha kwamba nyota nyingi zinazozaliwa katika kundi la Thauri zilikuwa hafifu kupita matarajio. Gesi inayoanguka hutoa nuru. Ikiwa nyota hizo zilikuwa zikikua kwa kipimo kimoja, zilipaswa kung'aa zaidi.

Jibu mojawapo ni kwamba tulizikuta zikiwa zimepumzika. Nyota hula kidogo kwa muda mrefu, kisha humeza kwa pupa kwa muda mfupi. Anayepita kwa ghafla ataikuta katika mapumziko mara nyingi kuliko katika karamu.

Hata hivyo, mjadala haujaisha. Wapo wanaosema kwamba kasi ya ulaji hupungua hatua kwa hatua nyota inapokua, na kwamba jambo hilo pia huchangia unyonge wa nuru. Kinachotafutwa sasa ni kiasi: ni sehemu gani ya uzito wa nyota huingia kwa pupa, na ni ipi huingia haba na haba?

Swali jingine ni mahali pupa inapoanzia. Nyota iitwayo Gaia17bpi ilitoa fununu. Setilaiti ya Ulaya ya Gaia iliiona ikiwaka mwaka wa 2017, lakini kumbukumbu za infraredi zilionyesha kwamba joto lilikuwa limeanza kupanda zaidi ya mwaka mmoja kabla. Yaelekea msukosuko ulianzia mbali kidogo ndani ya diski, ukasogea hadi kwenye nyota.

MAANA KWA DUNIA

Nyota inapowaka, diski yake nzima huathirika. EX Lupi ilipowaka mwaka wa 2008, Spitzer iliona fuwele za madini ya forsteriti ambazo hazikuwepo katika vipimo vya awali. Fuwele hizo huundwa vumbi likipashwa joto la nyuzi 700 sentigredi hivi au zaidi. Kwa mara ya kwanza, vumbi lilishuhudiwa likiokwa na kuwa fuwele katika diski ya nyota changa.

Fuwele za namna hiyo hupatikana pia katika nyota zenye mkia za mfumo wetu wa Jua, ambazo ni mapande ya barafu na vumbi. Ilikuwa vigumu kueleza jinsi kitu kilichookwa kilivyoingia katika barafu. Huenda basi Jua nalo, katika utoto wake, lilikuwa na vipindi vya pupa.

Maji nayo hayakusalimika. Mnamo 2016, watafiti waliotumia darubini za ALMA nchini Chile walieleza kuhusu V883 Orionis, nyota changa iliyo katika kipindi cha kuwaka. Joto lake lilikuwa limesukuma mpaka wa barafu hadi umbali wa mara 42 ya ule uliopo kati ya Dunia na Jua. Katika mfumo wetu, huko ni mbali kupita sayari ya Neptuni. Ndani ya mpaka huo, barafu iliyogandamana na vumbi ilikuwa imegeuka mvuke.

Mvuke huo uliwezesha maji ya diski kupimwa. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kuwa maji hayo yanashabihiana na ya nyota zenye mkia za kwetu, na kwamba yaelekea yalitoka katika wingu hata kabla ya nyota kuzaliwa. Kwa maneno mengine, huenda sehemu ya maji tunayoyateka mtoni ina umri mkubwa kuliko Jua lenyewe.

DORIA ISIYOPASWA KUKOMA

Utafiti wa aina hii hauhitaji vioo vikubwa tu, bali pia subira. Nyota iliyowaka bila kutazamwa haiwezi kuombwa irudie. Ndiyo maana kumbukumbu za kila mwaka zina thamani hata kwa maswali ambayo hayajaulizwa.

Spitzer ilistaafishwa Januari 30, 2020. Setilaiti ya NEOWISE, ambayo kazi yake rasmi ilikuwa kutafuta mawe yanayopita karibu na Dunia, ilipitia anga lote kila nusu mwaka kwa zaidi ya miaka 10, na kwa njia hiyo ikawa mlinzi wa nyota changa. Ilizimwa Agosti 2024. Setilaiti ya SPHEREx, iliyorushwa Machi 2025, imeundwa kupima anga zima katika infraredi kila miezi sita. Nayo darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021 ikiwa na kioo cha mita 6.5, huona kwa undani usio na kifani, ingawa hutazama sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja.

Mtu aliyezaliwa mwaka ambao FU Orionis ilionekana ikiwaka sasa anakaribia umri wa miaka 90. Katika muda huo wote, nyota hiyo haijamaliza mlo wake mmoja.